Kwenda Harusini kwa Barabara

Mume wangu ndiye aliyesema twende kwa barabara. Bibi arusi alikuwa mtoto wa dada yangu mkubwa, harusi ilikuwa Johannesburg mwisho wa Agosti 2024, na tiketi za ndege za watu wanne, sisi wawili, kijana wetu na mama mkwe, zilikuwa na bei ambayo mtu huitamka akiwa amekaa. "Toka hapa Kolwezi mpaka kule ni lami," alisema, akichora njia kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. "Malori yanakwenda kila siku. Shaba inakwenda, kobalti inakwenda. Sisi tunashindwa na nini?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Njia hiyo naichora ubaoni kila mwaka: Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi, kilomita kama mia tatu, kisha Kasumbalesa mpakani, kisha upande wa Zambia, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Lusaka, halafu kusini kuelekea Mto Zambezi. Kabla ya kuufikia njia inagawanyika, na hapo ndipo mimi na mume wangu tulipoacha kuelewana. Nilitaka tupite Chirundu na Zimbabwe, njia ninayoijua kwa chaki. Yeye alitaka Kazungula, kwa sababu ya daraja.

Ni kweli daraja lenyewe si la kawaida. Lilifunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, linaunganisha Zambia na Botswana, na limepinda. Limepinda kwa makusudi: lingenyooka lingegusa Zimbabwe, ambayo haikuwa ndani ya mradi, kwa hiyo wahandisi wakalizungusha juu ya maji. Mume wangu alisoma habari hiyo mahali fulani na tangu siku hiyo haongei kingine. "Unaona? Hata zege limekwepa visa."

Basi tukaamua Kazungula: Zambia, Botswana, Afrika Kusini. Kuanzia hapa sitasema ofisi ya nchi gani ilituuliza nini. Si kwa adabu. Nina maombi mengine mezani kwao.

Mume wangu alikuwa na hoja moja aliyoipenda sana, nayo ni kwamba sisi Wakongo hatuhitaji kuomba chochote kwa sababu sisi ni wanachama wa kila kitu. Congo imo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tangu 1997. Imo COMESA. Imo katika jumuiya ya Afrika ya Kati. Mwaka 2022 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki pia, na ile siku alininunulia soda. Nilimweleza taratibu, kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba SADC iliandika itifaki mwaka 2005 ya kuwaruhusu watu wake kutembeleana hadi siku 90 kwa mwaka bila visa, na kwamba itifaki hiyo ilikuwa bado inangoja nchi za kutosha kuiridhia. "Kumbe na yenyewe inangoja karatasi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameielewa hali.

Tuanze na fomu. Fomu ilitaka jina na jina la ukoo, visanduku viwili. Mkongo wa rika langu ana majina matatu, na lile la katikati, postnom, tumepewa na siasa. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Baba yangu alilala na jina la mtakatifu akaamka na majina ya mababu wawili. Baadaye, miaka ya tisini, watakatifu wakaruhusiwa kurudi, lakini mababu nao hawakuondoka, na ndiyo maana tumejaa. Katika pasipoti majina yangu yamepangwa hivi, katika diploma yamepangwa vile, na katika kadi ya mpigakura la mwisho limekatwa kwa sababu nafasi iliisha. Hiyo kadi ya mpigakura ndiyo kitambulisho chetu, maana kitambulisho cha taifa chenyewe tunakisikia tu redioni. Yangu ni ya uchaguzi wa mwisho na maandishi yameshaanza kufutika. Picha imebaki nywele tu.

Karani aliziweka karatasi zangu tatu mbele yake. "Mama, hawa ni watu watatu."

"Ni mimi, papa."

"Wote?"

Kisha tukafika kwenye kuzaliwa. Nilizaliwa Kolwezi Mei 1978, ndani ya ile vita tunayoiita ya siku sita. Wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi, waliuteka mji tarehe 13. Waparashuti wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa walianza kushuka tarehe 19. Mama alinizaa katikati ya tarehe hizo mbili, na hana shaka, kwa sababu miavuli ilipoanza kufunguka angani yeye alikuwa dirishani ananinyonyesha. Wiki hiyo hakuna karani aliyekuwa ofisini akiandika watoto. Cheti changu kilikuja miaka mingi baadaye, kwa hukumu ya mahakama, na kila ninapokitoa lazima nieleze kwamba sikushitakiwa.

Sasa, nchi ya kuzaliwa. Ilikuwa Zaire. Kwenye kompyuta unabonyeza orodha ya nchi za dunia, unashuka mpaka chini, unapita Yemen, unapita Zambia, unafika Zimbabwe, na Zaire haipo. Mkoa: nilipozaliwa uliitwa Shaba; mwaka 1997 ukawa tena Katanga; mwaka 2015 ukakatwa, tukawa Lualaba. Sijawahi kuhama komini ya Manika. Lakini kwa mujibu wa fomu nimezaliwa katika nchi nyingine na nimeishi mikoa mitatu bila kubeba hata sufuria moja. Kijana wa saibakafe aliyekuwa anatujazia aliniambia nisijali, akabonyeza "Congo" ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ile ya Brazzaville. Tuligundua wiki iliyofuata, nilipoulizwa kama nilishaukana uraia wangu wa kwanza.

Mama mkwe ndiye aliyetuchelewesha kwa upande wa pasipoti. Alipoambiwa bei ni dola 99 alishika kichwa, nikamweleza kwamba zamani ilikuwa dola 185, akatulia, akapiga hesabu, akasema basi amepata faida ya mbuzi. Kwenye mashine ya alama za vidole ndipo palikuwa na kazi. Aliweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Kijana wa mashine alimpa kitambaa chenye spiriti, akampa losheni, akampulizia mwenyewe kwa mdomo. Vidole vya mama yule vimelima mihogo miaka hamsini, havina mstari hata mmoja, vimelainika kabisa. "Mwanangu," akamwambia kwa huruma, "alama nimeziacha shambani."

Mwishowe kilipatikana kidole kidogo cha kushoto.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi kwamba walitaka ukuta mweupe nyuma yetu, na ulikuwa msimu wa kiangazi Kolwezi, malori yakipita usiku na mchana, na hakukuwa na ukuta mweupe mji mzima. Tulipigwa mbele ya shuka ya hospitali. Mama mkwe alivuliwa kitambaa cha kichwa ili masikio yaonekane, na mpaka leo hajamsamehe mpiga picha.

Kumbe hayo yote yalikuwa maneno ya utangulizi. Ofisi hizi haziulizi sana unakwenda kufanya nini. Zinauliza utarudi kwa nini. Wanataka uthibitishe kwamba nyumbani kuna kitu kinachokuvuta: mshahara, akaunti ya benki, hati ya kiwanja, mume, watoto walioachwa nyuma. Nilipoelewa hivyo nilikaa jioni nzima nikijitafuta, nikauliza mezani ni nini hasa kinachonirudisha Kolwezi. Kijana wetu akajibu kwamba ni kusahihisha mitihani.

Mimi nina karatasi. Nina barua ya ajira, nina namba ya mwalimu, na mshahara wangu unapita benki. Karatasi ya mshahara ni nzuri kuliko mshahara. Mume wangu ni kinyume: ni négociant kule Musompo, ananunua madini kwa creuseurs, wachimbaji wadogo, anapima, anauza, na kila kitu ni noti mkononi. Pesa anazo. Karatasi hana hata ya kufungia vitumbua. Tukiunganishwa tunatoa msafiri mmoja anayekubalika, lakini kila fomu ina picha moja.

Mtu fulani akamshauri aweke fedha benki ili ziandikwe. Akaziweka, zote kwa mkupuo, Jumatatu moja asubuhi. Taarifa ya benki ilipotoka, ilionyesha akaunti iliyolala miezi bila kutingishika, kisha siku moja ikafura. Karani wa dirishani, Mlubumbashi wa watu, aliitazama, akamtazama.

"Papa, hii makuta ilitoka wapi? Ilianguka toka mbinguni?"

"Hapana, chef. Ilitoka chini."

Mume wangu hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anajibu swali. Lakini mstari wote nyuma yetu ulicheka, na karani akafunga dirisha kwanza ili naye acheke kwa heshima.

Tukatakiwa kuleta hati ya nyumba. Yetu bado iko kwenye mgogoro wa urithi, kwa hiyo shemeji yangu akajitolea yake, iliyopo Kasulo. Msomaji wa Kolwezi ameshaanza kutabasamu. Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti, na wakaanza kuchimba uani, jikoni, sebuleni, vyumbani. Hati ya shemeji ni safi, ina mhuri na ramani, inaonyesha nyumba ya vyumba vinne. Nyumba yenyewe sasa ni kuta tatu na shimo lenye kamba. Tulipoambiwa tuambatanishe na picha ya nyumba tuliiondoa hati hiyo kimyakimya.

Na barua ya mwaliko. Bibi arusi aliiandika mwenyewe, kwa moyo: anamwalika mama yake wa Kolwezi, nyanya yake na wengineo, waungane na mama yake wa Johannesburg. Huku kwetu hiyo haina utata. Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Angeniita shangazi ningelia. Karani wa pili, si yule aliyecheka, aliisoma barua mara mbili.

"Huyu bibi arusi ana mama wangapi?"

"Watano," mume wangu akasema. "Wengine wamebaki, hawana pasipoti."

Ilibidi tukaandikishe kwa mthibitishaji karatasi inayosema kwamba mimi si mama yake. Niliisaini huku nimegeuza uso. Yaya wangu, yaani dada mkubwa, asije akaiona.

Ni katika kipindi hicho tulipompata protokoli. Kila ofisi ya Congo ina mtu wa namna hiyo mlangoni: koti, folda ya plastiki, na anajua jina la kila askari. Hana cheo. Alitufundisha jambo moja tu, ila lilistahili bei yake: tuanzie nyuma. Nchi unayopita inataka kuona visa ya nchi unayokwenda, kwa hiyo unaomba ya mwisho kwanza, kisha ya katikati, kisha ya jirani. Niliporudi nyumbani nikachora jedwali ubaoni, uani, kwa chaki za shule. Ndipo nikaona uchawi wake. Ile unayoipata kwanza ndiyo utakayoitumia mwisho, na ndiyo inayoanza kuzeeka kabla ya nyingine. Ukichelewa katikati, ya mwisho inaharibika. Inabidi uiombe tena. Lakini sasa ya katikati, uliyoipata kwa kuonyesha ya mwisho, inaonyesha kitu kisichokuwepo. Mwanafunzi wangu mmoja alipita akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Kila hatua ya jedwali ilikuwa safari ya Lubumbashi, maana Kolwezi tuna madini, hatuna madirisha ya aina hiyo. Ni kutoka alfajiri, kulipa péage, ushuru wa barabara, kukaa nyuma ya lori la shaba kwenye mlima kabla ya Likasi, kuingia mjini na vumbi kwenye kope, kufika saa sita, kuambiwa kwamba mchana hawapokei. Tulilala kwa binamu yangu mara nyingi hivi kwamba watoto wake walianza kuniomba ada.

Kufikia mwanzo wa Agosti, kwa neema, stika zote zilikuwa ndani ya pasipoti zote. Mume wangu aliziweka mezani, akazifungua zikatazama juu, akawaita majirani. Walikuja wakaziangalia kama mtoto mchanga, wakitafuta zinafanana na nani. Tarehe zilikuwa zinabanana vibaya, lakini jedwali lilisema tukivuka ndani ya juma hilo tutapona.

Jumamosi tarehe 10 Agosti tuliondoka. Likasi tulisimama kula bukari na sombe, na hapo simu ya kijana wetu ikaanza kulia, kisha ya mume wangu, kisha ya mwenye mgahawa. Zambia ilikuwa imefunga mpaka. Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, yote mitatu. Sababu haikuwa vita wala ugonjwa. Congo ilikuwa imezuia soda na bia kuingia toka nje, Kasumbalesa kukawa na maandamano, na jirani akaona bora afunge mlango kwanza mpaka watu wazungumze.

Nilifikiri mume wangu atapiga kelele. Aliangalia chupa iliyokuwa mbele yake, akaisukuma taratibu mpaka ukingo wa meza. "Visa za nchi tatu," akasema, "na tumeshindwa na Fanta."

Tuliendelea mpaka Lubumbashi, kwa binamu, ambaye alifungua mlango akiwa tayari na godoro mkononi. Wakubwa wakazungumza, na siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa. Jedwali langu nililibeba katika daftari. Kila asubuhi nilikata tarehe moja, na kila asubuhi mama mkwe aliuliza kama hiyo niliyoikata tungeweza kurudishiwa pesa yake.

Kasumbalesa tulifika pamoja na dunia nzima. Kila aliyengoja alikuja siku hiyo. Malori yalikuwa yamepangana kilomita kwa kilomita, mengine yanakwenda Durban, mengine Dar es Salaam, mengine Walvis Bay. Tulijipanga na pasipoti zetu zimefunguliwa kwenye ukurasa wa stika, kwa fahari. Mtu wa kwanza tuliyemfikia hakuzitazama kabisa. Alitaka kadi ya njano.

Kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano ni ya zamani, niliipata nikiwa mwalimu mpya. Akahesabu miaka kwa vidole. "Mama, hii imekwisha. Ni miaka kumi tu."

Hapa, naomba nijisifu kidogo. Kwenye folda nilikuwa na karatasi inayoeleza kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo hiyo ni ya maisha. Niliibeba kwa sababu najua jinsi kadi hiyo inavyoweza kugombanisha watu: mwaka 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kwa ajili ya kadi za njano, Nigeria ikajibu kwa kuwarudisha Waafrika Kusini, mpaka ikabidi Afrika Kusini iombe radhi. Yule bwana aliisoma karatasi yangu. Akaisoma tena kwa sauti. Akamwita mwenzake, akamsomea. Kisha akaniuliza kwa upole kama nina kopi nyingine, maana kadi yake na yeye imepita miaka kumi.

Nikamwachia. Muda huo wote jua lilikuwa linashuka, na tulipofika dirisha lililofuata lilikuwa limefungwa. Warudi asubuhi, alisema askari, akimaanisha sisi.

Hoteli zilijaa. Kando ya malori madereva walikuwa wamewasha makaa na kuinjika ugali, na mmoja wao, Mtanzania wa Mbeya, alimwona mama mkwe amesimama, akatoa kigoda. "Shikamoo, mama." Mama mkwe, ambaye salamu hiyo huku kwetu haimfikii kila siku, akajibu, "Asante mwana, na weye pia," na akakaa. Yule dereva alicheka mpaka akashika goti. Akauliza tumekaa hapo siku ngapi.

"Tumefika leo," nikasema.

Akawageukia wenzake. "Jamani, hawa wamefika leo!" Wakatusogezea sahani, wakatuuliza habari za huko duniani. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli bia ndiyo iliyofunga mpaka, na mume wangu akamweleza kwa kirefu, pamoja na Fanta, pamoja na daraja lililopinda. Niliwaonyesha jedwali. Madereva wale walilisoma vizuri kuliko ofisi yoyote. Mmoja alinisahihishia tarehe kwa kalamu yake.

"Na harusi yenyewe ni lini?" akauliza yule wa Mbeya.

Nikamwambia. Akaitazama simu yake, akautazama mstari wa malori mpaka mwisho, akaongeza mboga kwenye sahani ya mama mkwe.

"Msiwe na wasiwasi, mama. Ubatizo mtauwahi."